Waliopaka Mbung'o Rangi: Stori ya Michoro ya Wadudu, Pori la Rungwa na Watu Wasioandikwa Majina

Ukitoka Itigi kuelekea Mbeya kwa barabara ya porini, kuna sehemu konda hasemi mara mbili: fungeni vioo. Hapo mmeshaingia upande wa Rungwa. Ukijifanya hujasikia, haipiti muda kuna kitu kitatua juu ya suruali yako, hata kama ni jinzi nzito, na utaruka kama umechomwa sindano na nesi mwenye hasira. Unampiga kofi, anaanguka chini, unashukuru Mungu. Halafu anajiinua na kuondoka zake kama hakuna kilichotokea.

Huyo ndiye mbung'o. Kule Singida na Tabora wengi wanamwita ndorobo.

Sasa kaa na hii. Mdudu huyo huyo anayewafanya abiria wa Rungwa wapigane makofi wenyewe kwa wenyewe ni mmoja wa wadudu wa Afrika waliochorwa sana katika historia. Amechorwa kwa rangi ya maji, amechapwa kwenye vitabu vya bei mbaya, amewekwa makumbusho London. Michoro ya aina hiyo siku hizi imerudi kwa kasi: utaiona kwenye kuta za migahawa, kwenye kava za simu, kwenye tisheti. Mdudu katikati, karatasi imekuwa ya njano kidogo kwa uzee, chini kuna jina la Kilatini. Inapendeza, inaonekana ya kisomi.

Swali ambalo watu hawaulizi ni dogo tu. Huyo mdudu alimfikiaje mchoraji? Nani alimkamata?

MWANAMKE ALIYEANZA KUCHORA MDUDU NYUMBANI KWAKE

Kabla ya kurudi Rungwa, twende mbali kidogo. Mwaka 1699 mwanamke mmoja, Maria Sibylla Merian, mzaliwa wa Frankfurt mwaka 1647, alipanda meli kutoka Amsterdam kwenda Suriname, Amerika ya Kusini. Alikuwa na miaka 52 na alikwenda na binti yake. Hakutumwa na mfalme wala kanisa. Alikwenda kuangalia viwavi na vipepeo.

Wachoraji wengi wa wakati ule walikuwa wanamchora mdudu peke yake, kama picha ya pasipoti. Merian alifanya tofauti. Alimchora kiwavi akiwa juu ya jani analolila, pembeni pupa wake, juu kipepeo akiwa ameshatoka. Maisha yote ya mdudu ukurasa mmoja, kwenye mti wake. Kitabu chake kilitoka Amsterdam mwaka 1705 kikiwa na michoro 60, na mpaka leo watu wanakiheshimu.

Ila ukisoma maelezo yake unakutana na watu wengine. Anaandika kwamba wanawake watumwa na wenyeji wa kule ndio waliomwambia mmea fulani unatumika kwa nini. Kuna watu walimkatia njia msituni na kumletea wadudu. Aliporudi Ulaya mwaka 1701 aliondoka na mwanamke mwenyeji mmoja. Kwenye kitabu yule mwanamke hana jina.

Shika hapo, maana stori ya mbung'o imefuata njia ile ile.

MBUNG'O ANAKUWA MAARUFU

Jina la kisayansi la mbung'o ni Glossina, lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ulimi, kwa sababu ya ule mrija wake unaotokeza mbele kama mkuki. Aina iliyoenea kwenye mapori ya miombo kama ya Rungwa inaitwa Glossina morsitans, na aliyempa jina hilo ni Mwingereza Westwood, mwaka 1850, akiwa Uingereza, kwa kutumia wadudu waliopelekwa kutoka kusini mwa Afrika wakiwa wamekufa.

Miaka saba baadaye David Livingstone akatoa kitabu cha safari zake. Kiliuzwa kama njugu. Fungua ukurasa wa jina la kitabu: hakuna simba, hakuna tembo. Kuna mchoro wa mbung'o. Livingstone alikuwa ameshaona ng'ombe wake wakiisha mmoja mmoja kwa huyu inzi, na alitaka wasomaji wa London wajue kwamba bara hili lina mlinzi wa mlangoni.

Lakini wafugaji walikuwa wanajua zamani. Walijua mpaka wa mbung'o unaanzia mti gani, na kama lazima ukatize eneo lake na mifugo, unakatiza usiku, maana wengi wao hawaumi gizani. Maarifa hayo yaliingia kwenye vitabu vya wasafiri kama "inasemekana" au "wenyeji wanadai". Jina la msemaji halikuingia.

Halafu likaja balaa la Uganda. Kuanzia mwaka 1900 ugonjwa wa malale ulifyeka watu wa Busoga na Buganda kando ya Ziwa Victoria. Inakadiriwa zaidi ya watu 200,000 walikufa ndani ya miaka michache. Mwaka 1903 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, akapelekwa Entebbe na akafikia jibu kwamba anayeeneza ni mbung'o.

Alijuaje? Hakuzunguka Uganda nzima akiwa na wavu. Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, aliwatuma watu sehemu mbalimbali wakamate inzi na kueleza wamewakamata wapi, na kama eneo hilo lina wagonjwa. Inzi wakaja Entebbe. Ikatengenezwa ramani ya inzi na ramani ya wagonjwa. Zilipowekwa pamoja zikafanana: penye ugonjwa, inzi yupo. Ugunduzi huo una jina la Bruce. Kagwa naye ametajwa, alikuwa mtu mkubwa. Wale waliopiga magoti kwenye matope ya ziwa wakisaka inzi anayeua, hao ni "wenyeji" tu.

KARATASI NYEUPE

Kwa hiyo London ikaanza kupokea maboksi. Ndani kuna mbung'o wakavu waliochomwa pini, kila mmoja na kijikaratasi: mahali, tarehe, jina la ofisa aliyetuma. Mwaka huo huo wa 1903, Ernest Edward Austen wa jumba la makumbusho la Uingereza akatoa kitabu kizima cha mbung'o, na ndani yake michoro ya rangi na ramani. Mwaka 1909 akatoa kingine cha inzi wengine wa Afrika wanaonyonya damu, na michoro ya rangi aliifanya Grace Edwards. Kulikuwa pia na Mwitaliano, Amedeo Terzi, fundi hasa. Mwaka 1900 alikubali kulala kwenye kibanda chenye nyavu karibu na Roma, kwenye eneo la malaria, ili ithibitike kwamba asipong'atwa na mbu mtu haugui. Baadaye alitumia maisha yake London akichora mbu na inzi, na michoro yake inahesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Mchoraji anaweka inzi chini ya darubini, anahesabu nywele, anapima mishipa ya bawa. Kwenye bawa la mbung'o kuna chumba kimoja kati ya mishipa chenye umbo la shoka, na hicho ndicho kinachomtofautisha na inzi wengine wote. Akitulia analaza mabawa yake moja juu ya lingine kama mkasi uliofungwa. Mambo hayo yote utayaona kwenye michoro ya zamani, safi kabisa.

Ila kuna vitu pini haiwezi kubeba. Mbung'o akikauka tumbo linasinyaa na rangi inapauka. Mchoraji aliyekaa London hajawahi kumwona akiwa ameshiba damu, tumbo jekundu kama zabibu. Hajaona jike akizaa. Ndiyo, akizaa, maana mbung'o hatagi mayai kama inzi wa chooni. Anabeba mtoto mmoja tumboni, anamlisha kitu kama maziwa, na kila baada ya siku 9 au 10 hivi anamtoa mmoja, ambaye anajichimbia kwenye udongo laini kivulini na kukaa huko kama mwezi ndipo atoke akiwa na mabawa. Ukitaka kujua hayo lazima uwe porini, na mtu wa kukuonyesha kivuli chenyewe.

Kwenye karatasi anabaki inzi mmoja, mabawa wazi, nyuma yake kweupe. Hakuna miombo, hakuna pofu, hakuna Rungwa.

HATIMAYE PORI LINACHORWA

Aliyesema wazi kwamba mbung'o haeleweki bila pori lake alikuwa Charles Swynnerton. Mwaka 1919 aliwekwa kuwa mkuu wa kwanza wa wanyamapori wa Tanganyika, na mwaka 1929 akawa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yake Shinyanga. Huko maelfu ya Wasukuma walitoka na mashoka na mapanga kufyeka vichaka ili inzi akose kivuli. Mwaka 1936 Swynnerton akatoa kitabu kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba inzi hatumii pori moja. Ana sehemu ya kula, sehemu ya kupumzika na sehemu ya kuzalia. Ukivunja moja, umemvunja.

Pembeni yake alikuwepo mtaalamu wa mimea, B. D. Burtt, aliyetembea nchi hii akiandika kila aina ya uoto. Vile vichaka vizito vya Itigi, ambavyo mtu akiingia hatua kumi haonekani, vilielezwa na yeye kwa kina katika maandishi yaliyotoka mwaka 1942. Hakuyaona yakichapwa. Tarehe 8 Juni 1938 yeye na Swynnerton walikufa pamoja kwa ajali ya ndege ndogo hapa hapa Tanganyika.

Majina yao yamebaki. Kuna mbung'o anaitwa Glossina swynnertoni, anaishi kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya. Kuna mwingine anaitwa Glossina austeni, jina la yule bwana wa makumbusho. Huyo ndiye aliyekuwa akisumbua ng'ombe wa Unguja mpaka alipotokomezwa, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Kumbe mtu wa Jozani alikuwa anang'atwa na Mwingereza bila kujua.

SHUKA, WAVU NA TONE LA RANGI

Sasa tufike kwa wenyewe.

Utafiti wa mbung'o Tanganyika uliendeshwa kwa miguu. Inakatwa njia porini, inawekewa alama. Watu wawili wanabeba kitambaa cheusi kimetandazwa kati yao, kwa sababu mbung'o anafuata kitu chochote cheusi kinachotembea akidhani ni mnyama. Wengine wana nyavu ndogo za mkono. Wanatembea hatua kadhaa, wanasimama, wanakamata inzi waliotua kwenye kitambaa na migongoni mwao. Wanahesabu madume na majike, wenye njaa na walioshiba. Wanasonga tena. Asubuhi mpaka jua kali, wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka.

Tuweke wazi: chambo ni wao. Ngozi yao ndiyo iliyomwita inzi. Kwenye ripoti za Kiingereza waliitwa "boi wa inzi", hata kama huyo boi ana mvi na wajukuu.

Kulikuwa na mtafiti mwingine, C. H. N. Jackson, aliyefanya kazi kwenye miombo ya upande wa Tabora, pori ambalo ukishuka nalo kusini linakutana na la Rungwa. Jackson alikuwa na swali la kichizi: kuna mbung'o wangapi hapa? Utahesabuje inzi wa porini?

Jibu likawa rangi. Rangi za mafuta, zile zile za wachoraji. Vijana wanakamata inzi akiwa hai, wanamshika bila kumvunja bawa, wanamwekea tone dogo la rangi mgongoni, wanamwachia. Rangi na mahali lilipowekwa tone vinasema alikamatwa lini na wapi. Wiki ijayo wanarudi na kukamata tena.

Hesabu yake iko hivi, kwa mfano. Leo umepaka 100 na kuwaachia. Wiki ijayo unakamata 50, kati yao 5 wana rangi. Maana yake wenye rangi ni mmoja kati ya kumi. Kama 100 ni sehemu moja ya kumi, basi porini wapo kama 1,000. Kwenye kazi yenyewe lazima upunguze waliokufa na waliohama, ila wazo ni hilo. Njia hii ya kupaka alama na kukamata tena inatumika mpaka leo duniani, kwa samaki, ndege, hata popo.

Fikiria mikono iliyofanya ile kazi. Mbung'o ana urefu wa punje ya mchele, kidogo zaidi. Ukimbana sana anakufa, ukimlegeza anaruka na kukuuma. Unatakiwa uweke tone lisilogusa bawa wala jicho, kwenye joto, huku wenzake wanakutafuna shingoni. Mchoraji wa London alikuwa na mdudu mfu, meza na dirisha lenye mwanga. Hawa walipaka rangi mdudu aliye hai, kwenye pori lake, halafu kazi yao ikaruka na kupotea kwenye miombo. Hakuna karatasi iliyobaki ya kutundika ukutani.

Zikabaki takwimu. Jedwali limeandikwa tarehe, idadi ya inzi, rangi, na chini jina la mtafiti. Sehemu kubwa ya kurasa hizo humkuti aliyeshika wavu.

Na kuna waliotoa zaidi ya jasho. Kuanzia miaka ya 1930, huko Tinde, Shinyanga, kulikuwa na jaribio refu. Swali lilikuwa kama vimelea vya malale vikikaa muda mrefu kwenye kondoo na swala bado vinaweza kumwambukiza binadamu. Ili kujua, ilibidi mbung'o mwenye vimelea amng'ate mtu. Waafrika waling'atwa, waliougua wakatibiwa kwa dawa za wakati ule. Kwenye maandishi wanaitwa watu waliojitolea. Jibu likapatikana: ndiyo, vinaambukiza, na elimu hiyo imesaidia madaktari kuelewa kwa nini malale haiishi penye wanyama wa porini. Majina ya watafiti yako kwenye majarida. Waliotoa mkono wang'atwe wanatambulika kwa namba.

KWA NINI RUNGWA BADO NI PORI

Mtu anaweza kusema: sawa, ya kale yameisha. Hayajaisha. Ramani ya Tanzania unayoiona leo imechorwa kwa sehemu na huyu inzi.

Mwaka 1910 Wajerumani walitenga eneo hili kuwa pori la wanyama la Saba. Mwaka 1946 Waingereza wakaliita Rungwa. Mwaka 1964 sehemu ya kusini ikakatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Penye mbung'o wengi ng'ombe hawakai, na ng'ombe wasipokaa tembo anabaki.

Lakini usidanganyike kwamba palikuwa patupu. Wakimbu wameishi kwenye mapori haya vizazi na vizazi, wakirina asali, wakiwinda na kulima bila ng'ombe, kwa sababu walishamjua jirani yao mwenye mabawa. Kisha miaka ya 1890 sotoka ikaua ng'ombe karibu nchi nzima, zikafuata vita, njaa na magonjwa. Watu wakapungua, mashamba yakaota vichaka, mbung'o wakasogea. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ikawahamisha maelfu ya watu wa magharibi mwa Tanganyika, wakitolewa kwenye vijiji vilivyotawanyika na kukusanywa kwenye makazi makubwa ili kuwakinga na malale. Walipoondoka, pori likafunga kabisa. Wanahistoria kama Helge Kjekshus na John Ford, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya mbung'o Tanganyika, wameandika kwamba sehemu kubwa ya pori tunalodhani ni la tangu dunia iumbwe ni alama ya watu walioondoka.

Kwanza alichorwa mdudu bila pori. Baadaye likachorwa pori bila watu. Picha zote mbili ni nzuri na zote mbili zina pengo mahali pale pale.

Leo ukipita mapori yenye mbung'o utaona vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa mitini. Ni mitego, na ndiyo maana waongoza watalii wanakukataza kuvaa rangi hizo. Ni kitambaa kile kile walichokuwa wanabeba wale jamaa, sasa kimesimama peke yake.

Kwa hiyo siku ukikutana na mchoro wa zamani wa inzi kwenye ukuta wa mgahawa, uufurahie, umeiva. Soma jina la Kilatini, soma jina la mchoraji. Kisha kumbuka kuna jina la tatu ambalo lingetakiwa kuwa hapo.

Baadhi ya majina hayo hayajapotea kabisa. Kazi ya mbung'o iliendelea mpaka baada ya Uhuru, kwenye mageti ya barabarani ambako mtu na wavu wake alikuwa anakagua kila baiskeli na kila gari. Shinyanga, Tabora, Manyoni, Singida, kuna familia ambazo babu alikuwa "wa mbung'o" na watoto wanakumbuka wavu uliotundikwa nyuma ya mlango. Kama wewe ni wa huko, likizo hii ukifika nyumbani muulize bibi babu alikuwa anafanya kazi gani porini, na wenzake walikuwa wanaitwa nani. Andika majina yote, hata kama ni kwenye simu. Halafu yalete hapo chini kwenye maoni.